Mdomo Uliojaa Haluwa

Alhamisi ile Shukriya aliapa kwamba hatojipamba. Hatotia wanja, hatojifukiza udi, na nywele zake zitabaki vilevile zilivyoamka. Kiapo kilidumu mpaka saa nane mchana. Saa nane na robo alikuwa mbele ya kioo, kijiti cha wanja mkononi, anajilaumu huku anajipaka.

"Najipaka kwa ajili yangu mwenyewe," alikiambia kioo.

Kioo kilikaa kimya, lakini Dalal, binti wa ami yake, aliyejilaza kitandani akitafuna mbegu za tikiti, hakukaa kimya.

"Wallah muongo wewe. Unapaka kwa ajili ya Thuwaini."

"Huyo leo atasikia maneno kutoka kwangu ambayo hajapata kuyasikia."

"Sasa maneno si inatoka mdomoni? Macho inataka wanja ya nini?"

Dalal alikuwa na miaka kumi na saba, kazaliwa Ibra, Oman, na Kiswahili chake alikiokota kwa bibi yake wakati wa likizo, kipande leo, kipande kesho. Lakini ulimi wake ulikuwa mkali katika lugha zote mbili. Shukriya alimrushia mto akaendelea na jicho la pili.

Wacha tuseme kweli, alikuwa na haki ya kukasirika. Mwaka huo wa 1997 Shukriya alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa skuli ya wasichana Ibra, anaishi na bibi yake Bimdogo katika nyumba ya kijiji cha Samad Ash Shan, kati ya mitende na mfereji wa falaj. Baba yake alifia Tabora yeye akiwa mdogo, mama yake aliolewa tena Sur, na aliyemlea ni Bimdogo. Na Bimdogo hakuwa mtu wa mzaha katika mambo ya stara. Akipita hata fundi wa bomba, Shukriya hufukuzwa ndani kama kuku.

Kisha, wiki sita nyuma, akaja Thuwaini.

Alikuwa jamaa yao wa Tabora, mjukuu wa ndugu wa marehemu babu Nadhir, mumewe Bimdogo. Alikuwa mhandisi wa maji aliyekuja Oman mwaka huo na kupata kazi Nizwa. Alhamisi ya kwanza alipoingia ukumbini, Shukriya alikurupuka kutafuta ushungi. Bimdogo akamshika mkono.

"Kaa, mwanangu. Huyu si mtu wa kujifichia."

Shukriya alishangaa, lakini alikaa. Na alipokaa alimtazama. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na alikuwa na tabia ya kukusikiliza mpaka umalize, halafu anangoja kidogo, labda umesahau neno. Alhamisi ya pili alitengeneza mkanda wa video uliokatika wa Bimdogo kwa kipande cha gundi na subira. Alhamisi ya tatu alimuuliza Shukriya watoto wa skuli wanamchosha wapi hasa, miguuni au moyoni. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Alhamisi ya nne Shukriya alianza kuhesabu siku tangu Jumamosi. Kapenda. Hakumwambia mtu, na raha yake kubwa ilikuwa hiyo, kwamba ni siri yake peke yake.

Halafu ikaja ile filamu.

Bimdogo hakusoma Kihindi popote. Alikiokota gizani, utotoni mwake Unguja, katika sinema siku za wanawake peke yao, kabla ya kuolewa bara. Sasa alikuwa akipeleka mtu Ibra kumwazimia kaseti, na Ijumaa baada ya chakula nyumba nzima lazima ikae asimulie. Ijumaa iliyopita ilikuwa kisa cha msichana aliyeozwa na miaka saba, chini ya maua. Mafuriko yakamtenga na mumewe. Akakua, akalia, akaimba nyimbo saba milimani, akiwangojea watu wasiokuja, na kikuku cha arusi yake mguuni. Mwisho mume akakijua kikuku, na msichana akaanguka miguuni pake. Bimdogo alikuwa analia mpaka kanga imerowa.

"Bibi," Shukriya alisema, "katika filamu nzima hii, nani kamuuliza?"

"Kamuuliza nini?"

"Kama anamtaka."

"Kuulizwa ya nini, na nyimbo saba kaimba?" Bimdogo alifuta macho. "Na wewe mwisho wako utakuwa kama wake, inshallah. Mumeo keshakuja."

"Mume gani, bibi?"

Bimdogo akajua ameteleza. Akajaribu kuomba kahawa. Haikumsaidia, ikabidi aseme: Thuwaini, na tangu siku ile ya haluwa.

Kile kisa cha haluwa Shukriya alikuwa anakijua. Ukoo mzima ulikijua, kilikuwa kichekesho cha kila Idi. Tabora, mwaka 1982, miezi michache kabla hawajahamia Oman, babu Nadhir alikaa uani na wageni wake, akamwita mjukuu wake wa miaka saba. "Shukriya, tukuoze Thuwaini?" Mtoto alikuwa amejaza haluwa mdomoni, mashavu yote mawili. Akamtazama babu. Akatafuna. Babu akapiga paja: "Kanyamaza! Kunyamaza kwa mwari ndiyo ridhaa yake!" Wageni wakacheka mpaka wakakohoa. Shukriya alijua kwamba hapo alichumbiwa kimchezo, kama watoto wanavyochumbiwa. Hakujua kwamba baada ya kicheko kile alisimama shehe, wakasimama mashahidi wawili, ikafungwa nikaha ya kweli.

Kwa hiyo ndiyo maana hakuambiwa ajifiche. Alikuwa mke wa mtu miaka kumi na tano, na mtu mwenyewe alikuwa anakunywa kahawa mbele yake. Kilichomuuma zaidi hakikuwa nikaha. Kilichomuuma ni ile siri yake. Alikuwa kama mtoto aliyeficha peremende aile peke yake, halafu akaambiwa peremende ile nyumba nzima ilimwekea.

"Gari yake imefika!" Dalal, aliyekuwa dirishani sasa, aliruka. "Yalla, nenda kagombane."

* * *

"Hodi! Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Njia ilikuwaje?"

"Njia njema, alhamdulillahi." Thuwaini aliweka iliki na kaseti mpya mkekani, akainua macho kumtafuta Shukriya. Akamkuta kasimama mlangoni, wanja umemkaa, uso umefungwa kama duka la Ijumaa. Tabasamu lake likasita.

Bimdogo aliwatazama wote wawili. "Mimi nakwenda kusali Alasiri," akasema, na akaingia chumbani. Mlango wa chumba aliuacha wazi nusu. Dalal alijidai kuosha vikombe jikoni, vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Shukriya hakukaa.

"Ulijua?"

Thuwaini hakuuliza kujua nini. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku yenyewe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nilikuwepo."

"Alhamisi sita umekaa hapo!" Sauti yake ilipanda, akaishusha kwa nguvu. "Umekunywa kahawa yangu. Umeniuliza habari za skuli, za watoto, za moyo wangu. Na mimi najibu kama mjinga, nadhani naongea na mgeni. Kumbe umekuja kukagua mali yako."

"Sikuja kukagua kitu, Shukriya."

"Ulikuja kufanya nini basi?"

Alingoja kidogo, kama kawaida yake, na mara hii kungoja kule kulimuudhi. "Alhamisi ya kwanza nilikuja kukwambia unikatae," akasema.

Shukriya alikuwa amejiandaa kwa kila jawabu isipokuwa hilo. Ndilo hasa alilotaka kumwambia yeye, kwamba anamkataa. Alilipanga wiki nzima, akilisema njiani, akilisema darasani huku watoto wanaandika. Sasa mtu kamtangulia, na badala ya kufurahi alijiona kanyimwa kitu.

"Kwa hiyo hunitaki."

"Sikusema sikutaki."

"Umetoka Nizwa mara sita kuja kunambia nikukatae!"

"Mara moja. Mara tano nilikuja kunywa kahawa."

Kikombe kilianguka kwenye beseni la Dalal. Hakikuvunjika.

"Nisikilize," Thuwaini alisema. "Nilimwendea shehe hapa Samad kabla sijaja kwenu. Nilimwambia kisa chote. Akanambia mtoto aliyeozwa mdogo, siku anayopata akili zake na kujua, ana khiyari. Akisema sikuridhi, nikaha inaondoka, na si talaka. Na wewe ulikuwa hujajua, kwa hiyo khiyari yako haijafa. Nikikuacha mimi, watu watakwita mtalaka maisha yako yote, na hujaonja hata chai ya arusi. Ukikataa wewe, hakuna jina litakaloandamana nawe. Nilitaka kukwambia hayo, ninywe kahawa kikombe kimoja, niondoke."

"Na mbona hukusema?"

"Kwa sababu ulikaa." Alitazama mikono yake. "Ulikaa pale, ukaanza kumgombeza yule mchezaji wa filamu kwenye video ya bibi kwamba analia sana na hafanyi kazi. Nikasema nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema ijayo. Hilo ni kosa langu, sina pa kuliweka. Nilijua ninachokijua na nikakuacha uzungumze nami bila kujua. Nisamehe."

Hasira zilizopangwa wiki nzima si kitu cha kumwagwa hovyo. Shukriya alizishika. Lakini akakaa, kwenye ukingo wa mkeka, mbali naye.

"Na wewe nani alikuuliza?" akasema.

"Mimi? Mimi nilipewa baiskeli."

"Baiskeli?"

"Babu Nadhir alisema, Thuwaini, ukikaa kimya mpaka shehe amalize, ile baiskeli ni yako."

Shukriya hakutaka kucheka. Kicheko kilimtoka puani. "Ilikuwa nzuri?"

"Kuukuu. Breki hamna. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tatu, ningekaa kimya siku tatu."

Wakacheka wote wawili, na macho yao yakakutana katikati ya kicheko, na hapo kicheko kikaisha. Shukriya alihisi joto masikioni. Alimtaka mtu huyu. Hilo ndilo lililokuwa balaa lenyewe.

"Nikikuchukua leo kwa nikaha ile," Thuwaini alisema polepole, "itakuwa rahisi. Bibi atafurahi, arusi itafanywa. Lakini kila siku nitakayokuona umenuna, nitajiuliza kama umechoka tu au unamlaumu babu Nadhir. Na siku utakayocheka pia nitajiuliza. Siwezi kuishi hivyo. Nataka nijue nimependwa na mtu mwenye mdomo mtupu."

"Na nikikataa?"

"Nitakwenda zangu. Ndiyo maana ya kukataa."

"Na hutorudi?"

"Hilo swali jengine. Jibu kwanza hili."

Shukriya alipima moyoni. Akikubali, atampata, na hatojua daima kama ni yeye aliyesema ndiyo au ni haluwa. Akikataa, huenda mtu huyu akapanda gari lake, akarudi Nizwa, na Alhamisi zikarudi kuwa siku kama siku nyingine. Na juu ya yote kuna Bimdogo.

"Allahu akbar," ilisikika chumbani, kwa sauti ya mtu aliyemaliza sala zamani. Bimdogo akatoka, msala begani.

* * *

"Nimesikia," alisema. "Msinambie nilikuwa nasali. Nimesikia yote."

"Bibi..."

"Babu yako alinishika mkono siku ya kufa kwake, hapa hapa Samad. Akanambia, Bimdogo, watoto wale usiwaache wapotezane. N'kamwambia sitowaacha. Nimemngoja Thuwaini miaka kumi na tano kama namngojea mwanangu. Leo kaja, na mnataka kunivunjia mbele ya macho yangu?" Alinyoosha kidole kwenye kaseti mpya. "Filamu zote mnazitazama nami, mnalia nami. Yule msichana kakataa?"

"Yule msichana hakuwa na mtu wa kumuuliza," Shukriya alisema.

"Na mimi nani kaniuliza?" Bimdogo aligeuka mzima. "N'liozwa na miaka kumi na miwili! Nikapandishwa meli, nikapandishwa gari moshi, nikashushwa Tabora kwa mwanamme simjui sura. Nimezaa, nimelea, nimezika. N'likufa?"

Nje maji ya falaj yalikuwa yanapita. Shukriya alisogea akakaa karibu na miguu ya bibi yake, akamshika kidole gumba cha mkono, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo.

"Bibi yangu. Siku ile, wangekuuliza, ungesemaje?"

Bimdogo alifungua mdomo kujibu haraka, kama alivyozoea. Akaufunga. Akakaa chini taratibu. Akatazama ukuta uliokuwa na picha ya marehemu, mwanamme aliyekuja kumpenda kweli, hakuna aliyelikanusha hilo.

"N'likuwa nacheza mdako," alisema mwisho. "Pale kwetu Malindi ya Unguja, kibarazani. Kokoto zangu nzuri, nimeziokota mwenyewe pwani. Wakanijia katikati ya mchezo. Shangazi akanishika mkono, kokoto moja i juu bado." Aliinua kiganja chake kitupu, akakitazama. "N'ngesema ngojeni nimalize. Hayo tu. Si n'ngekataa, labda. N'ngesema ngojeni, nimalize mdako wangu."

Dalal alikuwa analia kwenye beseni la vikombe. Thuwaini alikuwa ameinamisha kichwa.

Bimdogo alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Haya," akasema, sauti kavu. "Sema unalotaka kusema, Shukriya. Sema sawasawa, nisikie mimi, na Jumamosi tutakwenda kwa kadhi aandike."

Shukriya alisimama. Alimtazama Thuwaini, na Thuwaini akamtazama, na hapakuwa na kitu usoni mwake cha kumsaidia wala cha kumzuia. Alikuwa anangoja tu, labda amesahau neno.

"Nikaha iliyofungwa Tabora nilipokuwa na miaka saba," alisema, "sikuiridhia. Siiridhii."

Ilikuwa sentensi fupi. Alidhani baada yake atahisi wepesi. Alihisi hofu.

Bimdogo alivuta kanga begani mwake akamrushia. "Jitande basi! Si mumeo huyo. Unakaa kichwa wazi mbele ya mwanamme wa watu!"

Shukriya alijifunika haraka, nywele, shingo, mpaka nusu ya uso, na machozi yakamjia kwa ghafla kwa jambo dogo hilo. Alhamisi sita alikuwa anamwona bila pazia. Thuwaini naye alikuwa ameshageuza uso upande wa mlango, kwa adabu. Akainuka, akarekebisha kofia yake.

"Kwaherini," alisema. "Bibi, nisamehe."

Akavaa viatu, akatoka. Mlango ukafungwa.

"Khalas?" Dalal alitoka jikoni, mikono inadondoka maji. "Imekwisha? Wallah hii mwisho mbaya kuliko zote!"

Wote watatu walikuwa wanasikiliza gari. Gari halikuwaka. Shukriya alihesabu pumzi zake, akafika tisa.

"Hodi hapa!"

Bimdogo aliruka kama kachomwa. "Nani?"

"Thuwaini bin Seif. Nakaa Nizwa, nafanya kazi ya maji. Nimesikia nyumba hii ina binti, mwalimu. Nimekuja kuuliza."

Bimdogo alifunga mdomo kwa mkono wake, lakini macho yalikuwa yameshamsaliti. Akaikaza sauti. "Mwanamme haji kuposa peke yake! Wazee wako wapi?"

"Wazee nitawaleta, bibi. Kwanza nataka kujua niwasumbue au nisiwasumbue. Atakalosema mwenyewe ndilo."

Mlango ulikuwa baina yao, ubao mzito wa zamani. Shukriya aliusogelea, akasimama, kanga kaishika kidevuni. Bimdogo, kwa mazoea ya umri wake wote, mgeni akipiga hodi mkono wake huenda kwenye sahani. Akaivuta sahani ya haluwa katikati ya mkeka, haluwa nyeusi ya zafarani, ikinukia, bado ina joto. Shukriya aliiona. Tangu asubuhi hajala kitu. Mkono wake ulishuka nusu ya njia.

Akaurudisha.

Kimya kikaingia ukumbini. Kikakaa. Dalal alikuwa ameuma kidole. Bimdogo alimtazama mjukuu wake aliyesimama mbele ya mlango bila ya kusema neno, na uso wake mzee ukaanza kufunguka kwa furaha, na mkono ukainuka kupiga paja.

"Kanyama..."

"Sikunyamaza, bibi," Shukriya alisema, kwa sauti ya kufika nje. "Nafikiri."

Mkono wa Bimdogo ulibaki hewani. Ulibaki hivyo kwa kitambo, wazi, kiganja juu. Kisha akaushusha, akafunika sahani ya haluwa kwa kawa, akaisukuma kando.

"Dalal," akasema. "Mpelekee mgeni kahawa hukohuko nje. Mwambie akae. Huyu binti anafikiri."